Maji ya Hévíz kwa Magoti ya Bibi

Katika ukumbi wa maonyesho ya utalii, Muscat, siku ambayo watu walikuwa wengi mpaka wanakanyagana viatu, Yaqdhan alisimama mbele ya picha ya ziwa akamwomba mwanamke asiyemjua ampige picha. Ziwa lilikuwa Balaton, la Hungaria, limetandazwa ukuta mzima, na nyuma yake vilima vya kijani vya aina inayomtia Mwomani yeyote hamu ya mvua. Yaqdhan alikuwa na miaka ishirini na tisa, kazi nzuri katika kiwanda cha nyaya huko Rusayl, kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama peke yake, na imani isiyo na ushahidi kwamba upande wake wa kushoto ni mzuri kuliko wa kulia.

"Umekaa kama picha ya kitambulisho," alisema yule mwanamke akiwa ameishika simu. "Cheka kidogo. Hukamatwi."

Jina lake lilikuwa Hadeel. Alifanya kazi maabara katika chuo kikuu pale Al Khoudh, abaya yake ilikuwa ya rangi ya majivu, na miwani yake ilimteremka puani kila alipotaka kumcheka mtu. Pembeni yake, juu ya fimbo, alisimama bibi yake, Bibi Sayyida, aliyekuja kwa jambo moja tu. Alikuwa amesikia kwamba karibu na Balaton kuna ziwa jingine dogo, Hévíz, ambalo maji yake ni ya moto tangu chini, na watu huingia humo na magoti mabovu wakatoka wanatembea. Kijana wa banda alimpa kalamu na peremende. Bibi hakuridhika.

Yaqdhan, kwa sababu zilizohusu upande wake wa kushoto, alisema kwamba mwezi ujao anakwenda hukohuko na wenzake watatu wa kazini. Siku ile ilikuwa kweli. Bibi akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida, akaamuru namba za simu zibadilishwane ili aletewe chupa ya maji. Hadeel alitaja namba yake huku akiangalia pembeni, kama raia anayetii serikali.

Suala la chupa lilijadiliwa kwa simu siku kumi na saba mfululizo. Iwe ya kioo au ya plastiki, itapita uwanja wa ndege au haitapita, ifungwe katika fulana au katika taulo. Siku ya kumi na nane hawakuitaja kabisa, na wala hakuna aliyeuliza kwa nini wanaendelea kupigiana.

"Nikirudi nitawaleta wazee wangu kwenu," alisema Yaqdhan siku moja.

"Urudi kwanza, habibi," alijibu Hadeel. "Hata hujenda, ushaanza kurudi."

Kwa raha za simu hizo, Yaqdhan alisahau barua moja ya kazini iliyotakiwa kwa ajili ya viza. Aliipeleka siku tisa baada ya wenzake. Siku ya safari ilipofika, wenzake walikuwa na pasi zao mkononi, na yake ilikuwa bado inasubiri muhuri. Kosa lilikuwa lake peke yake, hakuna wa kumsingizia.

Angeweza kusema. Lakini alikuwa amekwisha kuaga. Katika familia zao mtu hasafiri kimyakimya kama mwizi. Huzunguka nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa kila mahali, akaomba radhi, akatakiwa safari njema. Yaqdhan alikuwa ameaga nyumba tisa. Katika ya tisa, kwa kina Hadeel, Bibi Sayyida alimsomea dua ya safari, akampulizia utosini, akampa mfuko wa visheti vya njiani. Mtu aliyekwisha kupuliziwa dua anarudije kusema pasi imechelewa? Jibu lilikuwa rahisi: anarudi anasema. Kwa bahati mbaya lilimjia wiki nne baadaye.

Badala yake alikwenda kujificha Hail, hapohapo Muscat, katika fleti ya binamu yake Ayman, akafunga mapazia na kukaa humo siku kumi akila visheti vya safari. Wenzake walimtumia picha kutoka Balaton, naye akazipeleka kwa Hadeel. Maneno ya kufuatana nazo aliyarekodi bafuni, mfereji ukiwa umefunguliwa kidogo ili ziwa lisikike, na Ayman amesimama mlangoni na feni ya mkono kwa ajili ya upepo.

Alimweleza jinsi maji yalivyo rangi ya maziwa yaliyotiwa majani mabichi, na yalivyo ya kina kifupi, mtu anatembea weee na bado hayajamvuka magoti. Alimpandisha Tihany, kwenye kanisa la minara miwili na mashamba ya mrujuani, yale maua ya zambarau yanayonukia mpaka barabarani. Alimpeleka Badacsony, mlima uliokatwa kichwa kama meza, uliokuwa volkano zamani, na nguzo zake za mawe meusi zilizosimama safu safu. Alimwonjesha mkate wa kukaanga uliopakwa krimu na jibini, ambao wenzake walisema ni andazi lililokosa malezi. Ikumbukwe kwamba alisoma sana. Hakuna msafiri aliyewahi kuijua Balaton vizuri kiasi kile bila kutoka bafuni.

Hadeel alimjibu kwa furaha iliyomtia kichomi. Alisema anazisikiliza sauti zile kila asubuhi akienda kazini.

Ikabaki chupa. Wenzake walirudi na chokoleti, maji walisahau. Yaqdhan akachukua chupa ya kioo, akaijaza maji ya mfereji wa Hail, akatia chumvi ya kuogea ya duka la dawa, akaitikisa. Chupa yenyewe aliiosha mara tatu kwanza, na hilo liandikwe kwa faida yake, maana hakuna jingine la kuandika.

Bibi Sayyida alijipaka maji yale asubuhi na jioni. Siku ya sita alisali amesimama, yeye aliyekuwa akisali kitini miaka mitatu. Alimpigia Yaqdhan mwenyewe kumpa habari. "Nnakuombea kila nikisujudu, baba," alisema. "Jina lako nnalitaja kabla ya wanangu." Yaqdhan aliweka simu chini akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo, kila adhana ilimfanya ainamishe kichwa kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Posa ilipangwa Ijumaa. Jumatatu Hadeel alimpigia, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Bibi kaacha vidonge vyake vya goti. Wiki ya pili sasa. Anasema dawa za hospitali zinayaharibu maji."

"Goti likoje?"

"Limevimba kama dafu, na hataki kwenda kwa daktari. Anataka chupa nyengine. Huna mtu kule wa kuituma, mpenzi?"

Yaqdhan alikaa garini nje ya kiwanda, injini imezimwa, jua la Rusayl likimchoma shingo. Akinyamaza mpaka Ijumaa, Hadeel ni mchumba wake. Akinyamaza mpaka Ijumaa, Bibi anakaa siku nne zaidi bila dawa. Aliwasha gari, akaenda Al Khoudh, nyumbani kwa kina Hadeel.

Bibi alikuwa kitini, mguu juu ya mto. Hadeel alimmiminia mgeni kahawa. Hakuipokea.

"Bibi, kunywa vidonge vyako," alisema. "Mimi Hungaria sikufika. Pasi ilichelewa. Nilikuwa kwa binamu yangu Ayman, Hail. Sauti nilizirekodi bafuni kwake."

Bibi aliushusha mguu. "Na maji?"

"Ya mfereji. Nilitia chumvi."

"Mfereji wa wapi?"

"Wa Hail, Bibi."

Bibi aliliangalia goti lake, kama kwamba nalo limemdanganya. Hadeel aliweka birika chini taratibu sana.

"Zile sauti," alisema. "Nilikuwa nazima kiyoyozi garini ili niyasikie maji vizuri. Nikifika chuoni nakaa dakika kumi nzima sishuki. Kumbe ulinipeleka chooni kwa Ayman."

Kulikuwa na la kuchekesha ndani ya maneno hayo, na katika maisha yake yote Yaqdhan hakuwahi kukosa hamu ya kucheka kama saa ile. Hadeel alitoka chumbani. Bibi alimeza vidonge viwili kwa kahawa ya mgeni.

"Uliaga nyumba ngapi?" aliuliza.

"Tisa."

"Basi zirudie. Pale ulipoombewa safari, kaseme hukusafiri. Na posa nitasema imesogea kwa ajili ya goti langu, maana mie sitaki kusema uongo, na goti kweli linauma."

Ilimchukua mwezi na nusu. Nyumba nyengine zilimcheka, nyengine zilimkaribisha kahawa kwa ubaridi uliomuumiza kuliko kicheko. Ami yake mmoja alimtaka aeleze tena habari za Badacsony kwa kuwa zilimpendeza. Mama yake hakusema naye siku mbili. Kila Jumanne alimpeleka Bibi kwa mtaalamu wa viungo, kwa amri ya Bibi, na Hadeel alikaa kiti cha nyuma akitazama dirishani, miwani yake imekaa sawa puani, haiteremki.

Jumanne ya sita, Bibi akiwa ndani kwa mtaalamu, Hadeel alisema naye ukumbini.

"Zimebaki ngapi?"

"Nyumba moja. Ya kwenu. Baba yako hajui."

"Kwa nini hukusema tangu siku ile ya pasi?"

Alikuwa na majibu mengi mazuri, ameyapanga wiki nzima. Hakutumia hata moja. "Niliogopa utaniona mtu wa kusahau barua."

"Wewe ni mtu wa kusahau barua," alisema Hadeel. "Hilo ningelivumilia." Alimpisha nesi mmoja aliyekuwa akipita. "Walete wazee Ijumaa. Siku ya posa baba wa kijana huanza kwa kumsifu mwanawe. Wa kwako aanze na hili. Baba yangu akikataa, amekataa."

Ijumaa, baada ya sala, wanaume kumi na mmoja walikaa sebuleni Al Khoudh, kanzu nyeupe tupu, vilemba vimefungwa kwa heshima. Baba yake Yaqdhan alimhimidi Mola, akamsalia Mtume, akakohoa, kisha akasema alichoombwa aseme: kwamba kijana wao huyu hakufika Hungaria, na chupa aliyoileta ilitoka bafuni. Akaeleza yote, mpaka feni.

Vikombe vilisimama hewani. Baba yake Hadeel alikiweka chake chini.

"Mama yangu aliyanywa?"

"Aliyapaka tu," alisema Yaqdhan, akiangalia zulia.

Mzee alivuta ndevu zake muda wa kutosha mtu kufa na kuzikwa. Kisha akamgeukia baba yake Yaqdhan.

"Haya, endelea na sifa zake," alisema. "Kama zimebaki."

Nyuma ya mlango Hadeel alicheka, akajaribu kukizuia kicheko, kikamshinda. Yaqdhan hakuinua uso. Alikaa vilevile, macho kwenye zulia, akikisikiliza mpaka kikaisha.