Mwalimu wa Zamda

Zamda aliiamkia simu yake, nayo ikaitikia.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati mtaa wa Ng'ambo unapopunguza kelele na mafundi kujilaza kwenye mikeka. Somo la Kiarabu lilikuwa limefunguka, sauti ya mwanamke mtu mzima imekwisha kumkaribisha, na Zamda, ambaye maishani hakupata kukaa mbele ya mwalimu bila kumpa heshima yake, alisema nusu kwa mzaha, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," sauti ilijibu, kisha ikaendelea na majina ya vyombo vya jikoni.

Jioni alimsimulia mumewe Idrisa, seremala wa vitanda. Idrisa alicheka mpaka akaiweka randa chini.

"Mwalimu kafunzwa adabu huyo. Kesho mbusu na mkono."

"Baba Shamila, sitanii. Ile programu haijui Kiswahili."

"Simu za siku hizi zinajua mpaka unachotaka kula, zishindwe na marahaba?"

Zamda hakujifunza kwa fahari. Wifi yake aliyeolewa Maskati alikuwa amepata daktari aliye tayari kuyatazama macho ya Shamila, binti yao, aliyepofushwa na surua angali ananyonya. Zamda ndiye angesafiri naye, peke yake, na hakutaka kukaa mbele ya daktari kama gogo. Tangu apofuke, mtoto aliishi ndani ya sauti ya mama yake. Zamda angesimama mwisho wa ua, aite mara moja, na Shamila angemjia mbio bila hata kunyoosha mikono. Alikuwa amemfundisha hivyo kwa makusudi: ukisikia sauti yangu, njoo, usiulize.

Masomo yalibadilika taratibu. Mwalimu alianza kuomba maneno ya Kiswahili. "Sema: njoo, mwanangu." Zamda akasema, alama ya kijani ikawaka. "Sema: usiogope, ni mimi." Akasema. Alidhani tafsiri ingefuata, lakini haikufuata. Sisi tulio nje ya jambo huwa wepesi wa kuona. Yeye alikuwa ndani, tena na haraka ya mama. "Sasa sema kama umekasirika," mwalimu aliagiza. "Sasa kama unalia." Kila somo lilipokwisha, chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji na jasho la watu wengi, na koo la Zamda lilikwaruza kama lililomeza mchanga.

Siku moja alikuwa jikoni akipepeta mchele, Shamila akaja akipapasa ukuta, kitu ambacho hakuwa akikifanya akiwa karibu na mama yake.

"Mama, mbona umeniacha?"

"Nimekuacha wapi? Mimi niko hapa tangu saa ile."

"Ulikuwa chumbani unaniimbia." Mtoto alinong'ona. "Nikakutafuta nikukumbatie. Sauti ilikuwepo, mama. Wewe hukuwepo."

Ungo ulimponyoka. Aliifuta programu mbele ya Idrisa, na safari hii Idrisa hakucheka, kwa kuwa simu ikiwa imezimwa, betri iko mkononi mwake, wote watatu walisikia kutoka chini ya kitanda sauti ya Zamda ikijizoeza polepole kusema "Shamila", mara kwa upole, mara kwa uchovu, mara kwa kile kicheko kidogo alichokuwa nacho Zamda akimwogesha mtoto, na kila ilipolipatia jina vizuri zaidi, ndivyo koo la Zamda mwenyewe lilivyozidi kuziba, hata alipotaka kupiga kelele ukatoka mvumo mtupu.

Idrisa aliipasua simu kwa patasi. Haikusaidia kitu.

Ndipo akaitwa Mzee Mfaume wa Usinge, anayeshughulika na majini. Alisikiliza kisa chote toka kwa Idrisa, akamgeukia Zamda.

"Binti, ulimpa shikamoo?"

Zamda alitikisa kichwa kukubali.

"Akaipokea?"

Akatikisa tena.

"Basi ulijiweka chini yake, naye akakubali kuwa juu yako. Sikulaumu. Ni malezi mema hayo." Mzee alishusha sauti. "Uani kwenu inapita njia ya zamani ya Ujiji. Jini huyu alikuwa akifuata misafara. Mpagazi akiugua akaachwa njiani, husikia anaitwa na mkewe, na mama yake, anainuka, anaifuata porini. Misafara ikaisha. Amekaa muda mrefu bila sauti ya mtu."

"Mtoe, mzee," Idrisa alinong'ona. "Fanya lolote."

"Nitamtoa. Lakini alichofundishwa siwezi kumfundua. Atakwenda nacho, sauti yote." Alimtazama Zamda. "Akibaki, utapata angalau kunong'ona, na mtalea mtoto pamoja. Chagua."

Zamda alimtazama Shamila, aliyelala kwenye mkeka akiwa ameziba masikio. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Walifanya kazi tangu alasiri. Zamda alifukizwa mavumbasha na ubani hadi nguo zikalowa moshi, akaoshwa kwa majani machungu, akapakwa mafuta meusi mikononi mpaka kwenye viwiko, na jua lilipokuwa likizama alianguka chini, akatapika maji meupe, na kitu kikatoka nyumbani kwa kishindo kilichofungua madirisha yote kwa pamoja. Harufu ya majivu ikaisha. Mzee Mfaume akamshukuru Mungu. Idrisa akatoka kumsindikiza.

Zamda alikaa sakafuni akisikia nyumba yake ikiwa nyumba tena. Alifungua mdomo kumwita mwanawe. Hakikutoka hata kinong'ono.

"Shamila!"

Iliita kutoka nje, ng'ambo ya ua, upande wa njia. Ilikuwa sauti yake hasa, nzima, yenye furaha, na mtoto akainuka kama alivyofundishwa na kukimbilia mlango uliokuwa wazi, Zamda akajitupa na kumdaka kizingitini, akamkumbatia kwa mikono inayoteleza mafuta, akijua kwamba ananuka moshi na majani na kwamba hakubakiwa na kitu chochote mwilini ambacho mtoto huyu angeweza kukitambua.

"Mama!" Shamila alipiga kelele kuelekea gizani. "Mama, kuna mtu kanishika! Haongei!"

"Namwona, mwanangu," sauti ilijibu, imekaribia ukuta. "Usiogope, ni mimi niko huku. Mng'ate."

Zamda aliusukuma uso wake kwenye shavu la binti yake, akamlowesha kwa machozi, akatikisa kichwa, akatikisa, kana kwamba mtoto angeona.

"Mng'ate kwa nguvu, Shamila. Mama anakungoja."

Shamila, mtoto mtiifu, aling'ata. Meno yalizama kwenye mkono mpaka yakagusa mfupa. Zamda hakuachia. Nje, sauti ilizidi kumhimiza kwa upole wote wa mama, na mtoto aliendelea kung'ata na kulia, akimlilia mama yake, kifuani mwa mama yake.