Mtoto Mfupi wa Jikoni

Mikono miwili ilivunja yai la sita kwa pigo moja kwenye ukingo wa bakuli, ikaachanisha ganda kwa vidole gumba, ikachungulia ndani. Ndiyo, ilichungulia, ingawa haikuwa na macho. Kisha ikakung'uta tone la mwisho kwa uchoyo, kama mtu aliyelea kuku mwenyewe. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Mikono ilining'inia kwenye reli ya chuma ukutani, na ilipofika kwenye viwiko ikaishia hapo.

"Sita," akasema Amosi, mwenye miaka tisa.

"Mama huwa anaweka saba," akasema Kezia, ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa anatimiza sita.

"Umejuaje? Wewe ulikuwa unanyonya kidole."

"Kaeni nyuma ya mstari," akasema baba yao.

Hii ilikuwa Dodoma, mwaka ule lifti ya pili ya kwenda angani ilipoanza kubeba abiria, na wanawake wa Chamwino wakaapa kwamba blanketi likianikwa juu ya mawingu linakauka kabla hujalikamua. Mji wa maajabu, bwana. Lakini ajabu kubwa ilikuwa jikoni kwa Mhandisi Nehemia Chiwanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiunda. Aliiita mikonakili. Fundi anavaa glavu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, anafanya kazi zake miezi kadhaa, na mashine inanakili kila kitu: nguvu ya vidole, kusita kwa kifundo, hata yale ambayo mtu hajui kwamba anayafanya.

Perpetua, mkewe, alizivaa glavu hizo miezi mitano. Ugonjwa ulikuwa umeshamshika, na wote wawili walijua. Alipika, akafua, akapiga keki, huku Amosi akimsumbua na Kezia, wa miaka miwili, akining'inia kwenye kanga yake. Alipofariki, mikono ikabaki.

Ilikuwa na ila moja. Iliundwa ifundishike. Ukiishika ukaielekeza, inajifunza, na jambo jipya linakaa mahali pa la zamani, la zamani halirudi tena. Na sheria ya mji ilikataza kurudufu mwendo wa mikono ya marehemu. Unaruhusiwa kuuhifadhi mara moja, basi. Ndiyo maana Nehemia alichora mstari mwekundu sakafuni. Hakuna kugusa. Miaka yote hiyo, wanawe walipikiwa keki na mama yao wakiwa wamekaa kwenye benchi kama wagonjwa zahanati.

Siku hiyo palikuwa na mgeni benchini. Bibi Damari, mama yake Perpetua, alikuwa ametoka Kongwa kwa sababu ya maneno aliyoyasikia. Keki ya kwanza, baada ya msiba, iliumuka hadi majirani wakaja kuuliza. Ya pili ilizama katikati. Ya mwaka jana ilikuwa kama kandambili.

"Watoto wanaigusa nisipokuwepo," Nehemia alimwambia mkwewe. "Mikono inaharibika, mama. Ikiharibika hii, Perpetua ameisha."

"Mume wangu," bibi akamgeukia Amosi, "unamgusa mama yako?"

"Sijawahi, bibi."

"Na wewe mke mwenzangu?"

Kezia alitikisa kichwa. "Mimi hanijui. Anamjua yule mfupi."

"Mfupi yupi tena?"

"Ngoja. Utamwona."

Mikono ilipiga siagi na sukari mpaka zikawa nyeupe, ikamimina mayai, ikatia iliki na ganda la limau lililoparuzwa. Halafu mkono wa kulia ukachota rojo kidogo kwa mwiko, ukashuka. Ukashuka tena, mpaka usawa wa droo ya chini, ukasimama hapo ukiwa umeunyoosha mwiko kwenye hewa tupu. Ukasubiri kiasi cha mtoto kulamba. Kisha ukaweka mwiko, na kwa ncha ya kidole gumba ukafuta kitu pale hewani, taratibu, kama mtu anayefuta shavu.

Bibi Damari aliacha kutafuna kashata yake.

"Unaona?" Kezia akanong'ona. "Ana mtoto mwingine. Kila siku anampa yeye tu."

"Ni wewe huyo," akasema Amosi. "Ulipokuwa kibonge."

"Siyo mimi. Mimi niko hapa."

Nehemia alishamweleza Kezia mara nyingi, na kila alipomweleza alijikuta naye anaangalia pale chini, penye droo.

Unga ukaingia, beking pauda ikaingia, maziwa mgando yakaingia. Rojo likaanza kutoa vipovu. Sasa ndipo mkono wa kushoto ukaachia bakuli, ukageuka kiganja juu, vidole vikiwa vimekunjuka nusu, ukatulia. Wa kulia nao ukatulia.

Hapa ndipo Nehemia alipopapenda.

"Imekufa?" bibi akauliza.

"Hapana, mama. Anapumzika. Huwa anafanya hivi." Sauti yake ikapungua. "Nadhani ananiita."

"Anapumzika mpaka lini?"

"Dakika kumi hivi."

"Baba Amosi!" Bibi alisimama, kanga ikamdondoka. "Unga umeshalowa, pauda imeshaanza kazi, halafu keki inasubiri dakika kumi? Unashangaa nini ikitoka kandambili? Perpetua nimemfundisha mimi. Rojo likishalowa, hata nyumba iungue, unalipeleka motoni kwanza. Huyu hapumziki. Huyu anasubiri mtu. Nani amemfundisha kusubiri?"

Amosi aliangalia viatu vyake.

"Baba humshika mkono," akasema. "Kila asubuhi, akinywa chai, kabla ya kwenda kazini. Mimi nilidhani inaruhusiwa kwa wakubwa."

Mhandisi aliyeunda mikonakili, aliyeandika kitabu kizima cha maelekezo yake, alikuwa hajawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Chai. Kiganja. Asubuhi baada ya asubuhi, miaka minne. Alikuwa ameamini kwamba mkewe ameanza kumtafuta. Kumbe ni yeye aliyekuwa akimfuta, kidogo kidogo, kwa kumpenda.

Akatazama vidole vile vilivyokunjuka. Havikuwa vya Perpetua. Vilikuwa na umbo la mkono wake mwenyewe.

"Tokeni nyuma ya mstari," akasema.

"Tuguse?"

"Lichukueni bakuli. Haraka, mfuateni bibi yenu!"

Basi ikawa vurugu. Amosi alikumbatia bakuli, Kezia alipaka siagi kwenye sufuria mpaka ikamfika viwikoni, bibi akaliamrisha joko kwa ukali hadi likajiwasha kabla hajamaliza. Keki iliumuka. Ilipasuka juu na kuegemea upande mmoja, lakini iliumuka. Watoto walipokuwa wanaishangilia, bibi akanyata na jagi la maji akammiminia Kezia kichwani, yote, kama inavyompasa mwenye siku yake ya kuzaliwa. Kezia akapiga ukelele uliosikika ghorofa ya kumi na mbili.

Na mikono ukutani ikaamka.

Wa kulia ulichomoa taulo kwenye ndoano. Ukateleza kwenye reli mpaka kwa mtoto aliyelowa, ukashuka, ukapita kifua chake, ukafika chini kabisa, ukaanza kukausha kichwa kisichokuwepo. Nyuma ya masikio, kwa nguvu, namna ileile ambayo Perpetua alikuwa akilalamikiwa. Kezia alisimama akitiririka maji, akitazama.

"Baba," akasema. "Nimwonyeshe nilipo?"

Nehemia alijua anachoulizwa. Yule mfupi ndiye kitu cha mwisho jikoni mle ambacho hakukigusa. Ukiinuliwa mkono ule, hatarudi. Alimwangalia bibi, na bibi akaangalia dirishani.

"Mwonyeshe," akasema.

Kezia alikishika kifundo cha chuma kwa mikono yake miwili, akakivuta juu mpaka kichwani. Mkono ukasita. Vidole vikapapasa nywele zilizolowa, vikapanda, vikashuka, vikapapasa tena. Halafu taulo likaanza kusugua.

"Aa! Mama, unaniumiza sikio!"

Kesho yake asubuhi Nehemia aliingia jikoni na kikombe chake. Chini penye droo hapakuwa na mtu. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuka usawa wa kichwa cha Kezia, ukisubiri aamke. Mwaka kesho Kezia angekuwa amerefuka, na mkono ungekuwa umepitwa tena. Wa kushoto ulikuwa palepale, kiganja juu.

Akanywa chai yake akiwa amesimama. Mkono wake usio na kikombe aliutia mfukoni, akaushikilia humo.