Mwalimu Jiulize

Kituo cha mabasi kilifurika watu asubuhi ile, na dada mmoja wa maabara ya utafiti wa mifugo amekumbatia boksi la barafu kama mtoto mchanga, gauni lake la bluu limelowa kiunoni.

"Dada, hizo aiskrimu unauzaje?" akauliza kijana mmoja, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Ni damu ya ng'ombe, kaka. Nikupimie kiasi gani?"

Jamaa alicheka mpaka watu wakageuka. Kumbe naye alikuwa anaelekea maabara hiyohiyo, mchambuzi mpya wa data za vinasaba. Dada ndiye aliyewalea wanafunzi wa utafiti pale. Jamaa akambebea boksi mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo akawa anamwita Bi Barafu.

Miezi ikapita, simu za jioni zikawa ndefu. Wanafunzi walimpachika jamaa jina la Mwalimu Jiulize, maana ukimwuliza kitu anakujibu, "Hebu jiulize mwenyewe kwanza." Bi Barafu aliipenda tabia hiyo. Yeye alikuwa na pupa. Mwanafunzi akitetemeka kidogo tu, anampokonya pipeti ya kunyonyea damu. Tatizo ni kwamba Jiulize alikuwa hivyohivyo hata kwenye mapenzi.

"Hivi mimi na wewe tunaelekea wapi?" Bi Barafu alimwuliza kwenye simu.

"Wewe unaonaje, mpenzi?"

"Nimekuuliza wewe."

"Jiulize kwanza," akasema huku akicheka.

Bi Barafu hakucheka. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Alipomweleza, mwenzake alisema tu, "Fikiria vizuri." Alitaka kusikia kwamba anapendwa, basi. Hakusikia.

Jumatano, mwanafunzi wake mmoja, binti mpole asiyejua kuchoka, alisimama mbele ya maprofesa kueleza matokeo yake. Profesa mmoja akavua miwani.

"Binti, hawa fahali wako mbona wanasomeka majike?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Maskini, binti aliiweka trei ya sampuli kwenye mashine ikiwa imegeuka, mwanzo ukawa mwisho, damu ya kila mnyama ikasomeka kwa jina la mwingine. Na Jiulize aliliona jambo hilo kwenye kompyuta tangu Jumatatu.

"Ulijua?" Bi Barafu alimkabili kwenye korido.

"Nilimwambia aangalie tena jinsia zao. Nilidhani atagundua mwenyewe. Ndivyo mtu anavyojifunza."

"Umekaa kimya mwenzio anachekwa. Sasa analia chooni, anasema anaacha utafiti. Huko siyo kufundisha, bwana. Na mimi unanifanyia hivyohivyo. Mimi si mwanafunzi wako."

Tangu hapo hakupokea simu zake, ingawa kila ilipolia moyo ulimwuma.

Ijumaa mchana aliingia maabara akawakuta Jiulize na yule binti mbele ya kompyuta.

"Nilikosea, mdogo wangu," Jiulize alikuwa akisema. "Nilipaswa kukuambia wazi. Yapange majina upya, la mwisho liwe la kwanza."

Binti akayapanga. Fahali wakarudi kuwa fahali. Akashusha pumzi, akamwona Bi Barafu mlangoni, akaona heri akanawe mikono.

Jiulize akasimama. "Umeshawajibu wale wa kazi?"

"Nimewajibu asubuhi. Naenda."

Bi Barafu akangojea swali jingine. Alikuwa amechoka na maswali.

"Nakupenda," Jiulize akasema. "Sikuthubutu kukuambia ubaki, kazi ile ni haki yako. Lakini nilinyamaza kwa woga, nikajificha kwenye ualimu. Nataka nikuoe. Kazi yangu ni kompyuta, naweza kuifanya popote. Ukikubali, nitakufuata."

Machozi yakamtoka Bi Barafu, akayaacha yatoke.

"Na nisingegombana na wewe, ungeyasema haya lini?"

Jiulize alifikiri. "Sijui. Pengine nisingesema."

Jibu hilo lilimwuma, ila lilikuwa la kweli, na jibu la kweli ndilo alilolitaka miezi yote ile. Akamsogelea, akamshika mkono.

"Jumapili njoo nyumbani umwambie mama. Mama yangu hataki mtu wa kuzungukazunguka."

"Nitamwambia."

"Niambie tena mimi kwanza."

Akamwambia tena.