Programu Isiyopiga Hodi

Kila akirudi kutoka shule, Vidole alivua sare, akafua soksi, akampelekea mama yake chai kitandani. Walimwita Vidole kwa jinsi alivyochapa haraka kwenye kompyuta. Mama yake alikuwa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, na tangu avunjike mguu alifanyia kazi nyumbani. Alihitaji programu ya kuifungua kompyuta ya dukani akiwa hukohuko kitandani, maana hesabu zote za mauzo zilikuwa humo.

Fundi alimwekea programu mbili azijaribu, achague moja. "Mwanangu, dawa zinanilevya usingizi," mama alisema. "Zijaribu wewe, uniambie ipi itatufaa sote, sisi wa huku na wao wa kule."

Ya kwanza ilipiga hodi. Kabla hujaingia, kule dukani kulitokea maneno: *Kuna mtu anaomba kuingia. Umruhusu?* Ya pili haikumuuliza mtu. Uliingia kimyakimya, ukaona kila kinachoandikwa, na ukitaka ukaandika au kufuta mwenyewe.

"Chukua ya pili, mama," Vidole alisema bila kupepesa macho. "Ile nyingine ni kero tupu, inakwamakwama."

Uongo mtupu! Haikukwama hata kidogo. Vidole alikuwa na lake jambo. Kompyuta ile ilitumiwa na mzee wa mauzo, aliyeitwa Mzee Stempu kwa sababu hakuna karatasi iliyompita bila kugongwa muhuri. Alichapa kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, na Vidole alipokuwa akizitazama kupitia programu ile alicheka mpaka machozi. Wala mzee hakuambiwa kwamba kuna mtu anaweza kuingia. Meneja wa duka aliona mzee hayamhusu hayo.

Basi mama akisinzia, mchezo unaanza. Mzee akiandika "saruji", Vidole anafuta. Mzee anaandika tena, Vidole anafuta tena. Siku moja mzee aliacha habari za saruji, akaandika polepole: *Ni nani?*

Vidole akajibu: *Ni wewe mwenyewe.*

Maneno yale yalibaki kwenye kioo cha kompyuta. Mzee hakuandika tena mchana ule, na Vidole alijigaragaza kwa kicheko.

Jioni meneja alipiga simu, mama akaweka spika. "Mzee wetu amerukwa na akili!" meneja alisema. "Eti kompyuta inamjibu! Vijana wa hapa dukani wanajificha nyuma ya mabati, wanamwita kwa sauti nyembamba, 'Ni wewe mwenyewe!' Ungemwona anavyoruka! Kesho anakabidhi funguo, aende zake." Nyuma yake watu walisikika wakiangua kicheko.

Simu ilipokatika, mama alilia. "Yule ndiye aliyenifundisha kazi," alisema. "Na mkewe ni mgonjwa. Watakula nini?"

Vidole alipima mambo. Akinyamaza, mzee amekwisha. Akisema, amekwisha yeye. Alikwenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akasimama mlangoni. "Mama, ni mimi," alisema, akaeleza yote.

Mama hakumpiga. Asubuhi alichukua magongo yake. "Vaa viatu. Utayasema hayo dukani, mbele ya wote waliomcheka."

Mzee Stempu aliketi kaunta, funguo ziko mezani, muhuri ameushika mkononi. Vidole alisema yote. Wafanyakazi wakainamisha vichwa. Mzee aliuweka muhuri mezani.

"Nimemwambia mke wangu anifungie ndani nikianza kupiga kelele," alisema. "Nimemeza vidonge vya kutibu wazimu, mjukuu wangu. Ulinicheka ukiwa mbali. Haya, sasa nicheke, niko hapa."

Vidole alipiga magoti akilia. "Nisamehe, babu."

"Inuka," mzee alisema. Hakusema kama amemsamehe.

Meneja, uso umemshuka, alimrudishia funguo, akaagiza iwekwe ile programu inayopiga hodi. Mama aliingia chumba cha nyuma na kompyuta yake ndogo ili kuijaribu. Maneno yakatokea kwenye kompyuta ya mzee: *Kuna mtu anaomba kuingia. Umruhusu?* Mzee aliondoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Na wewe unayaona?" alimnong'oneza Vidole.

"Ninayaona, babu. Ni mama, yuko chumba cha nyuma."

Mzee hakumwamini. Alikwenda kwanza kuchungulia, akamwona mama kwa macho yake, ndipo akarudi kubonyeza *Ndiyo*.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mama alimgeukia. "Nilikuuliza ipi itatufaa sote, ukanichagulia ya kukufurahisha wewe, tena kwa uongo. Umekiri, na kazi yake imepona. Lakini umeona? Yule mzee ataendelea kuchungulia kile chumba hata mimi nikiwa nyumbani. Mwanangu, ukiweza kuingia kwa mtu bila kuonekana, piga hodi, hata kama hakuna anayekulazimisha. Na ukiulizwa, sema kweli siku hiyohiyo, kabla mtu hajaumia."

Vidole alimshikia mama mfuko wake, wakaendelea kutembea.