Gramu Thelathini kwa Lita

Asubuhi mapema mkwe wa nyumba hiyo, mke wa kitindamimba, alifunua tangi la kulelea samaki akakuta vifaranga wa kambare wanaelea matumbo juu, wote. Aliita mara moja tu, kisha akakaa chini.

Inspekta alipofika na askari wake, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Shemeji mtu, mwana mkubwa wa familia na mfanyabiashara wa ngozi, alieleza kwamba jana yake mkwe aliwatilia vifaranga chumvi ya kuwatibu ukungu, akakosea nukta. Badala ya gramu tano kwa lita, akatia hamsini. Mzee mwenye shamba alisimama kando, kimya. Ni juzi tu alikuwa ametangaza kwamba atamkabidhi mkwe wake huyo ufugaji wote wa samaki.

“Ulitia kiasi gani?” Inspekta alimwuliza mkwe.

“Kilo tano, afande. Tangi ni la lita elfu moja. Mfuko ulikuwa wa kilo kumi, nusu ipo stoo.”

Inspekta aliikuta, laini kama unga. Lakini ukingoni mwa tangi aliokota chembe za chumvi nyingine, nene kama changarawe. Akazifunga kwenye karatasi, akachota lita moja ya maji, akaomba jiko na mizani. Kabla ya kuingia polisi alikuwa amesomea kemia.

Maji yalichemka hadi yakakauka, yakaacha ukoko mweupe sufuriani. Inspekta aliukwangua wote, akaupima mara mbili. Mkwe alikuwa amejiinamia, hathubutu kutazama mizani.

“Gramu thelathini,” alisema Inspekta. “Angekosea nukta, ningepata hamsini. Na kama ni chumvi yake peke yake, ningepata tano. Thelathini kwa lita elfu moja ni kilo thelathini. Toa tano zake, zinabaki ishirini na tano.” Akafungua karatasi yenye zile chembe nene, akamgeukia mfanyabiashara. “Chumvi ya kuhifadhia ngozi huja kwenye mifuko ya kilo ngapi?”

Ni mzee aliyejibu, taratibu: “Ishirini na tano.”

Mwanawe aliruka kimanga, akadai mwizi yeyote angeweza kuichukua. Inspekta akamwomba afungue ghala lake la ngozi, ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifungua. Chini ya rundo la ngozi palikuwa na mfuko mtupu, umekunjwa, bado una unyevu wa maji ya tangi. Mfanyabiashara akamgeukia baba yake.

“Mimi ndiye mkubwa. Nimwombe ruhusa mke wa mdogo wangu, kwenye shamba la baba yangu? Nilitaka tu uone kwamba hesabu zinamshinda.”

Askari walimchukua. Mzee akachuchumaa mbele ya mkwe, aliyekuwa amekaa chini.

“Nilikusikia ukisema kilo tano, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu.”

“Yameisha, baba,” alisema, machozi yakimtoka. Akamkumbusha kwamba kambare wazazi wako salama kwenye bwawa la nyuma na watataga tena.

Kisha akampigia simu mumewe, aliyekuwa safarini. Alipoisikia sauti ya mumewe akacheka tu, akacheka, mpaka mumewe naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini.