Nyota Tano na Sado ya Viazi

Baridi ya Julai ilikuwa imeshika Kitandililo, pembeni mwa mji wa Makambako. Anneth alikuwa jikoni, anamenya viazi vya chai ya asubuhi. Mwanawe Erica, wa miaka mitano, alikaa karibu na moto. Alivaa koti la baba yake, na mikono ya koti ilimzidi hadi ikagusa majivu.

"Mama, niimbie ya kuku," alisema Erica.

"Nimekuimbia mara ngapi tangu jana?"

"Mara moja tu. Zile nyingine nilikuwa nimelala."

Anneth akacheka, akaimba. Wimbo ulitoka kwenye hadithi ya kuku aliyoitunga mwenyewe. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akakaa nyumbani miaka mingi, kisha akaanza masomo ya jioni mjini. Huko alijifunza kuandika insha. Insha moja ilimhusu kuku aliyeogopa baridi na kukataa kutoka bandani. Ilikua, ikawa kitabu. Alikiandika kwa miaka miwili, mtoto mgongoni, daftari gotini. Denis, fundi wa kuchora mabango, alimchorea picha. Mwezi Mei kitabu kiliwekwa katika duka la mtandaoni liitwalo Rafu Yetu, ambapo watu hununua vitabu na kuvisoma kwenye simu.

Anneth alikuwa na hamu moja tu. Alitaka mtoto asiyemjua, wa mbali, acheke kwa ajili ya kuku wake.

Lakini Mei iliisha, na Juni ikaisha. Chini ya kitabu palikuwa na nafasi ya wasomaji kuandika maoni na kutoa nyota, kuanzia moja hadi tano. Nafasi ile ilikuwa tupu kama kiwanja kisicho na nyumba.

Jumapili moja, baada ya ibada, watu walisimama nje ya kanisa kwa mnada. Jogoo mmoja alinunuliwa, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena. Alinunuliwa mara nne! Hakuna aliyejali thamani ya jogoo. Watu walikuwa wanachangia ujenzi.

Anneth, ambaye huimba sauti ya pili kwenye kwaya, alimtazama jogoo yule, akapata wazo.

"Jamani wanakwaya," aliita. "Nisaidieni na mimi. Kila atakayenipa nyota tano, nampa kitabu bure, na sado ya viazi juu yake, kile kindoo cha kupimia sokoni."

"Sado imejaa au ya kupunja?" aliuliza Brayson, mwenye sauti nzito kuliko wote.

"Imejaa hadi inamwagika!"

Wengi hawakuwa na simu za mtandao. Basi walipanga foleni kwenye simu ya Filemoni, mume wa Anneth. Kila mmoja alifunguliwa akaunti, akaandika, akampisha mwenzake. Jioni ile maoni yalikuwa thelathini na moja. Nyota tano, nyota tano, nyota tano. Anneth aliruka hadi khanga ikamfunguka.

Furaha yake ilidumu siku tatu.

Jumatano asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu. Anneth aliusoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma, sauti ilipungua.

"Ndugu mwandishi. Tumeondoa maoni yote thelathini na moja ya kitabu chako. Yameandikwa kwa simu moja, na yanaonyesha kuwa waandikaji walipewa zawadi. Hilo linavunja kanuni zetu. Tunakupa siku kumi na nne utueleze. Usipojibu, au ukirudia, kitabu kitaondolewa na akaunti yako itafungwa moja kwa moja."

Filemoni alijikuna kichwa. "Wamejuaje habari za zawadi?"

"Soma mwenyewe alichoandika Brayson, wamekinakili hapa chini."

Filemoni akasoma: "Kitabu kizuri mno. Mwandishi ni dada yetu, anaimba sauti ya pili. Viazi nimepokea, ni vitamu. Mungu ambariki."

Kisha Filemoni akashindwa kujizuia, akacheka. Anneth hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Usilie, Mama Erica," alisema Filemoni. "Tutafungua akaunti nyingine. Tunaandika jina la mama. Nani atajua?"

Mama yake Filemoni, Bibi Fidelia, alikuwa mlangoni akichambua viazi vya kuuza, vikubwa huku, vidogo kule. Aliinua uso.

"Jina langu liache lilipo, baba," alisema. "Na wewe Anneth, futa machozi. Nenda Njombe kwa Vestina. Alipokuwa jirani yetu hapa alikuwa hana kazi ila kusoma vitabu. Sasa anafanya kazi maktaba, na kitabu chake cha mapishi kiko dukani humohumo. Muulize anayejua njia."

Kesho yake Anneth alifika Njombe, Erica mkononi. Vestina aliwapokea kwa vicheko.

"Kamwene, Mama Erica! Na huyu ndani ya koti ni nani? Namwona pua tu."

Anneth alimweleza yote bila kuficha. Alipofika kwenye maoni ya Brayson, Vestina alicheka hadi akavua miwani na kuifuta.

"Nisamehe, mdogo wangu. Huyu Brayson ni mtu mwaminifu kuliko sote."

"Dada, mimi sikuona kosa," alisema Anneth. "Watu wangu wamenisaidia, kama mnadani. Kusaidiana ni dhambi?"

"Si dhambi. Mnadani, nani hajui kwamba yule jogoo ni mchango?"

"Wote wanajua."

"Sasa mfikirie mama mmoja huko Tabora. Anatafuta kitabu cha mwanawe. Anaona nyota tano mara thelathini na moja. Anajua habari za kwaya? Anajua habari za sado?"

Anneth alitikisa kichwa.

"Yeye anadhani ni wasomaji tu, wamesoma, wamependa. Ananunua kwa kuwaamini. Hebu niambie, mama mkwe wako akiuza gunia la viazi, wanunuzi wa mjini hufanya nini?"

"Hulimwaga chini lote," alijibu Anneth. "Wanaogopa vikubwa vimepangwa juu, na chini ni vile vidogo kama gololi."

Akajitazama mikono.

"Basi mimi nimepanga vikubwa juu," alisema polepole.

"Umepanga bila kujua. Ndiyo maana duka limelimwaga gunia."

Vestina alifungua simu yake, akamwonyesha ukurasa wa kanuni za duka. Waliusoma pamoja, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo kugawa kitabu bure ni marufuku?" aliuliza Anneth.

"Hapana. Gawa upendavyo. Hata bahati nasibu unaweza kuchezesha, washindi wapate bure. Ila zawadi isifungwe kamba. Usiseme, 'Nakupa ili uandike.' Usiseme, 'Nakupa ukinipa nyota tano.' Aliyepokea akitaka kuandika, aandike. Asipotaka, mwache. Akisema kibaya, ni haki yake."

"Na viazi?"

"Viazi mpikie mwanao. Fedha, vocha, viazi, kuku, chochote unachompa mtu kwa ajili ya maoni ni malipo. Kitabu chenyewe peke yake ndicho kinaruhusiwa. Na aliyepewa bure aseme wazi kwamba alipewa bure, ili msomaji apime mwenyewe."

"Mume wangu je? Mama mkwe?"

"Mume, mama mkwe, shangazi, rafiki wa ndani, hao wasiandike. Hata wakisema kweli, nani atawaamini? Wewe mwenyewe ungesema mwanao ana sura mbaya?"

Erica alichomoza kichwa kwenye koti. "Mimi ni mzuri," alisema.

"Umeona?" alisema Vestina, nao wakacheka.

Anneth alikumbuka jambo. "Kuna mwenzangu wa masomo ya jioni ameandika mashairi. Aliniambia tupeane nyota, mimi nimpe, yeye anipe."

"Hiyo nayo duka hili limeikataza. Soma hapa. Na ukienda duka jingine, soma kanuni zake upya. Kila duka lina yake."

"Na akaunti ya jina jingine?"

"Hiyo ni kuchimba shimo ndani ya shimo. Wajibu ukweli tu. Wewe si mwizi, wewe ni mgeni wa njia."

Siku ileile, kwenye meza ya Vestina, Anneth aliandika jibu. Maneno yalikuwa manyoofu: "Niliwaomba wanakwaya wenzangu nyota tano, nikawapa viazi. Walitumia simu ya mume wangu. Sikuwa nimesoma kanuni. Sasa nimezisoma. Sitarudia. Naomba kitabu changu kibaki."

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Kila simu ilipolia alishtuka, hata ilipokuwa ya jirani. Siku ya tisa jibu lilikuja. Kitabu kingebaki. Maoni yaliyoondolewa hayangerudi, na duka lingeendelea kukitazama.

Jumapili alisimama mbele ya kwaya.

"Ndugu zangu, asanteni kwa upendo. Lakini nyota zile zimefutwa, na kosa ni langu. Nawaomba msiandike tena."

Brayson aliinuka, mikono kifuani. "Sasa dada, viazi turudishe? Maana mimi vyangu vimeshaingia kwenye mchuzi."

Kanisa zima lilicheka, na Anneth akacheka kuliko wote.

Safari hii aligawa vitabu kwa njia sahihi. Alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo sokoni, nyingine Vestina akaibandika maktaba. Iliandikwa hivi: "Nagawa nakala kumi za kitabu cha watoto, bure. Tuma jina lako. Washindi watapatikana kwa kura. Hakuna sharti lolote." Watu sitini na wanne walituma majina. Bibi Fidelia alileta chungu, majina yakatiwa ndani, na Erica akafumba macho na kutoa karatasi kumi. Alipotaka kutoa ya kumi na moja "kwa sababu inanitekenya," walimkamata mkono.

Nakala kumi zilitumwa. Anneth akasubiri. Mara hii hakumwomba mtu neno.

Wiki mbili zikapita bila kitu. Kisha, asubuhi moja, Filemoni aliingia mbio, simu juu.

"Mama Erica, maoni yamekuja! Ya kweli!"

Aliyeandika alikuwa Laurenti, mkulima wa Igwachanya, ambaye hawakuwahi kumwona. Anneth alisoma: "Nilipewa kitabu hiki bure kwa kura. Natoa nyota tatu. Mwanangu alicheka sana kuku alipojifunika gunia. Lakini maandishi ni madogo mno kwa mtoto. Tena, mwandishi tazama ukurasa wa tisa. Kuku ana miguu mitatu."

"Miguu mitatu!" alisema Filemoni.

Walifungua ukurasa wa tisa. Wakahesabu. Wakahesabu tena kwa kidole. Kweli, Denis alikuwa amechora mguu wa tatu, umejificha nyuma ya jembe.

"Watu thelathini na mmoja wamenipa nyota tano," alisema Anneth taratibu, "na hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Wangekuambiaje, mwanangu," alisema Bibi Fidelia. "Walikuwa wanatazama sado. Huyo wa Igwachanya ndiye aliyelimwaga gunia."

Erica alisogea, akatazama picha. "Mimi nilijua toka zamani," alisema.

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza kuku ana miguu mingapi. Ulisema niseme tu kama ni kizuri."

Anneth alimkumbatia, koti na yote. Mchana ule alimfuata Denis kwenye kibanda chake. Denis aliomba radhi, akaufuta mguu. Maandishi yakakuzwa. Kitabu kilichosahihishwa kikarudishwa dukani.

Hadi mvua za Novemba zilipoanza, kitabu kilikuwa na maoni saba tu. Mawili ya nyota tano, manne ya nyota nne, na yale ya Laurenti. Lakini Anneth aliyajua yote kwa moyo. Aliyoyapenda zaidi yaliandikwa na mwanamke aitwaye Emerensiana, aliyenunua kitabu kwa fedha yake mwenyewe. Yalikuwa mafupi.

"Niko Tabora. Huku hakuna baridi, lakini jana mwanangu alimfunika kuku wetu kwa kitenge, akakataa kuku asitolewe bandani."

Anneth aliyasoma mara tatu. Kisha akaweka simu chini, akachukua daftari jipya, akamwita Erica karibu na moto.

"Njoo nikusomee ukurasa wa kwanza wa hadithi mpya," alisema. "Ukiona mguu wa tatu, useme."