Buni Moja, Punje Mbili

Pasaka iliyopita kaka yangu Yustus aliamua kwamba sisi nasi ni watu wa kupiga kambi. Alikuwa ameona kwenye simu watu wenye vitanda vyao wakilala chini makusudi. Rafiki yake Lameck, wa Nyakatuntu, alikuwa na hema. Mimi nilikuwa na siku nne za mapumziko na sikutaka kuzimalizia jikoni kwa shangazi. Ijumaa Kuu asubuhi tukaondoka Chonyonyo, tukamwacha Anatolia, mke wa Yustus, na mimba yake ya miezi minane, tukaenda ziwani upande wa Bweranyange.

Ijumaa ilipita kwa mvua na ndizi za kuchoma. Jumamosi saa tisa alasiri, jua likiwaka, Yustus alijikata kiganja akichonga vigingi.

"Fundi," Lameck akamcheka, "hema linataka vigingi, halikuomba damu."

Ndipo mama mmoja akatoka kwenye matete. Mtu mzima, kitambaa kichwani, kikapu kidogo cha ukindu mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akaketi nasi, akatoa kahawa ya kutafuna. Kwetu akamwani, kahawa hiyo ya kutafuna, hakakataliwi. Mtu utamnyima shamba, si kahawa. Nilichukua. Lameck akachukua.

Ilipofika zamu ya Yustus, mama alipasua buni moja kwa meno. Ndani punje mbili, kama kawaida. Moja akaigusisha kwenye damu ya Yustus, akaitafuna. Nyingine akampa. Nayo ilikuwa nyekundu, ingawa mama mwenyewe hakuwa na jeraha.

Yustus akatafuna. Alilelewa vizuri, tatizo ndilo hilo.

"Sasa tu ndugu," mama akasema taratibu. "Mkeo akijifungua, utanipa nimpakate?"

"Karibu sana, mama. Nyumbani ni kwako."

Akashukuru. Akarudi kwenye matete. Matete hayakutikisika.

Kisha Lameck akanong'ona, "Nani kamwambia una mke?"

Tulipomsimulia baba, hakufoka. Aliuliza jambo moja tu.

"Mligawana buni moja?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mmechanjiana. Huo ni omukago, udugu wa damu, hauvunjwi. Ndugu wa kuchanjiana hanyimwi anachoomba." Akamgeukia Yustus. "Ulishamwambia karibu?"

"Nilimwambia."

Baba akachukua jembe, akaenda migombani.

Mimi nina shahada ya takwimu. Niliwaeleza kwamba mwanamume wa miaka thelathini, Karagwe, kuwa na mke mjamzito si muujiza. Mtu yeyote angebahatisha. Nilieleza vizuri sana.

Mtoto alizaliwa Mei. Wa kike, mzima. Wiki ya tatu akaacha kunyonya. Hakulia. Akipewa ziwa anageuza uso, kama mtu aliyetoka mezani. Maziwa ya Anatolia yakavimba, yakauma, yakakauka. Tukanunua ya kopo. Akayatema. Mdomo wake ulinukia maziwa.

Siku tatu. Wiki. Wiki mbili.

Kliniki, nesi akamweka kwenye mzani, akaandika kwenye kadi, akatabasamu.

"Kaongezeka kilo nzima. Hongera, mama, unanyonyesha vizuri."

"Asante," Anatolia akasema.

Mchungaji alikuja, akaomba, akala, akaondoka. Baada ya hapo tukaacha kulizungumza. Yustus anafanya kazi zake. Anatolia anafua nepi, anaanika, anaanua. Mimi nilikuja kumwona mtoto kwa siku mbili na bado nipo.

Jumatatu waliniachia mtoto, wakaenda sokoni. Saa sita mchana, milango imefungwa. Nilitoka chumbani kwenda kuipua maharage. Dakika mbili, pengine tatu.

Niliporudi, sakafuni kando ya kitanda chake palikuwa pametandikwa nyasi mbichi, vile tunavyomtandikia mgeni wa heshima. Katikati zilikuwa zimebonyea. Nikaweka mkono. Zilikuwa na joto.

Mtoto akacheua maziwa.

Nikamfuta mdomo.